Kuchagua vitamini baada ya operesheni ya kupunguza uzito: mwongozo kamili kwa wakaaji wa Lubumbashi

Ukiingia farmasi ya Lubumbashi, iwe kandokando ya soko la komuni ya Kenya au kule mjini, ukaomba "vitamini" bila kueleza zaidi, usishangae kupewa siropu ya kuamsha hamu ya kula. Siropu nyingi za aina hiyo zina siproheptadini, dawa ya mzio iliyopata umaarufu kwa sababu inaleta njaa na kunenepesha. Mtu aliyekatwa tumbo ili apungue hana haja nayo hata kidogo. Haimpi chuma, wala B12, wala kalisiamu, na kilo alizoziacha kwa taabu inamrudishia. Lakini ndiyo atakayosukumiwa na kila mtu, maana kwetu anayekonda haraka hudhaniwa mgonjwa. Shangazi atainunua kwa pesa yake mwenyewe na kuileta mpaka nyumbani: "Mama, kunywa hii, itakurudishia mwili." Mshukuru kwa upendo wake, kisha iweke kando.

Wengi wanaofanyiwa operesheni hii huifuata mbali, Afrika Kusini, India, Uturuki au Ulaya, na kurudi na chupa moja ya vitamini waliyopewa siku ya kutoka hospitali. Chupa ikiisha, hapo ndipo maswali yanapoanza: ninunue ipi, ya kiasi gani, mpaka lini? Swali la mwisho lina jibu fupi. Ni kwa maisha yote, hata kama unajisikia vizuri, hata kama uzito umetulia. Kinini unachokunywa kinafanya kazi ambayo tumbo lako lilikuwa likiifanya lenyewe kabla ya kukatwa, na sehemu ile haitaota tena. Maswali mengine yanahitaji maelezo marefu.

Hatua ya 1: Jua ulifanyiwa operesheni gani

Inashangaza ni watu wangapi wanaosema tu "nilikatwa tumbo". Neno hilo halitoshi kuchagua dawa. Tafuta ripoti ya operesheni, na kama huna, mwandikie munganga aliyekupasua akutumie nakala.

Katika slivu, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, karibu asilimia 75 hadi 80, inakatwa na kutolewa, na kinachobaki ni kama bomba. Utumbo haukuguswa. Lakini sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa asidi nyingi pamoja na ile protini inayoibeba B12 mpaka mwisho wa utumbo mwembamba ili iingie mwilini. Kwa hiyo anayesema "slivu haihitaji vitamini" anakosea, ingawa hatari yake ni ndogo kuliko ya baipasi.

Katika baipasi, munganga anatengeneza kijifuko kidogo juu, kisha anakiunganisha na utumbo mbele zaidi. Chakula kinaruka mwanzo wa utumbo mwembamba, na hapo hasa ndipo chuma na kalisiamu hupenda kuingilia. Unaweza kula nyama na lengalenga kila siku na bado damu ikapungua. Zipo pia operesheni zinazoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo. Hizo zinaleta upungufu wa vitamini za mafuta, yaani A, D, E na K, na dozi zake ni kubwa kuliko nitakazotaja hapa. Kama ripoti yako inataja ubadilishaji wa duodenamu (duodenal switch), moja ya operesheni hizo, usijipangie dawa kwa mwongozo huu. Fuata dozi za munganga wako peke yake.

Andika jina la operesheni, tarehe na nchi kwenye karatasi moja, uibebe pamoja na kadi ya uchaguzi. Nitakuambia mbele kwa nini.

Hatua ya 2: Pima damu kabla ya kununua

Ratiba inayotumika sana ni kupima miezi 3, 6 na 12 baada ya operesheni, kisha kila mwaka. Omba NFS (hesabu ya chembe za damu), feritini (inayoonyesha akiba ya chuma), B12, folati, kalisiamu, vitamini D, na homoni ya tezi paratiroidi kama uwezo upo. Aliyefanyiwa baipasi au operesheni nyingine inayoruka utumbo apime pia zinki, shaba na vitamini A angalau mara moja kwa mwaka. Si kila labo ya mji inafanya vipimo hivi vyote. Uliza mapema, maana vingine hutumwa nje na majibu huchelewa.

Hapa kuna mtego ambao munganga wa Ulaya anaweza asiuone, kwa sababu hakai kwenye mbu. Feritini hupanda mwili ukipambana na maambukizi. Ukipima wiki uliyotoka malaria au tifoidi, feritini inaweza kuonekana nzuri wakati ghala la chuma liko tupu. Ngoja wiki kadhaa upone kabisa, au mwombe munganga apime pamoja na CRP, kipimo kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Kinyume chake pia ni kweli: damu ikishuka, operesheni si lazima iwe sababu pekee. Malaria, minyoo, kichocho, hedhi nzito na ugonjwa wa seli mundu vyote vinapunguza damu, na kumrundikia mtu chuma bila kutafuta chanzo ni kupoteza muda wake.

Jambo moja la labo ambalo wengi hawaambiwi: mwezi wa tatu hadi wa sita nywele huanza kukatika. Inatisha, na mara nyingi inatokana na mwili kushtuka kwa kupungua haraka. Kwa kawaida nywele hurudi. Watu hukimbilia vinini vya biotini vya kipimo kikubwa. Biotini nyingi inaweza kuharibu majibu ya vipimo vya tezi ya shingo na hata kile cha moyo kinachotumika kumtambua mwenye shambulio. Ukiwa unaitumia, mwambie mtu wa labo na uiache siku chache kabla ya kutolewa damu.

Hatua ya 3: Soma namba, usisome jina la sanduku

Hii ndiyo hatua ninayotaka uishike kuliko zote. Picha ya mwanariadha na maneno "nguvu", "kamili", "watu wazima" hayakupi kitu. Geuza sanduku, tafuta jedwali la viambato, na ulinganishe na vipimo vinavyopendekezwa kwa aliyefanyiwa slivu au baipasi.

Vizoee kwanza vizio. Sanduku la Kifaransa linaandika UI kwa vizio vya kimataifa, na µg kwa mikrogramu. Mikrogramu 1000 ni miligramu 1. Kwa vitamini D, UI 40 ni mikrogramu 1, kwa hiyo sanduku linalosema mikrogramu 25 na jingine linalosema UI 1000 ni kitu kilekile. Angalia pia kama kipimo kimeandikwa kwa kinini kimoja au kwa viwili. Mara nyingi namba inayovutia ni ya vinini viwili au vitatu kwa siku.

Tuchukue mfano halisi. Vinini vya wajawazito vyenye vitamini na madini 15, vinavyotengenezwa kwa fomula inayoitwa UNIMMAP, vina chuma miligramu 30, asidi ya foliki mikrogramu 400, zinki miligramu 15, shaba miligramu 2, B1 miligramu 1.4, B12 mikrogramu 2.6 na vitamini D UI 200. Mtu wa baipasi akisoma kwa makini ataona kwamba shaba inatosha, zinki iko sawa, folati iko sawa, chuma ni nusu au zaidi kidogo. Lakini B1 ni ndogo mno, B12 ni kama tone, vitamini D haifiki hata sehemu ya kumi ya anachohitaji, na kalisiamu haimo kabisa. Basi kinini hicho si kibaya. Ni msingi unaohitaji kujengewa juu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kila sanduku utakaloshika.

Sasa vitu kimoja kimoja.

*B1, yaani thiamini.* Lenga angalau miligramu 12 kwa siku, na miligramu 50 ni bora kwa anayetapika au anayekula kidogo sana. Mwili hauna akiba kubwa yake. Bila kuingiza nyingine, ghala linakwisha ndani ya wiki mbili au tatu. Multivitamini ya kawaida ina miligramu 1 hadi 2, haifiki. Kinini cha B kompleksi hujaza pengo hilo kwa bei ndogo, ila soma: nyingine zina B1 kidogo, nyingine hazina B12 hata chembe. Na tahadhari na vile vinini vikali vya B1, B6 na B12 vinavyouzwa kwa maumivu ya mishipa. Baadhi vina B6 miligramu 100 au 200. Ukivinywa kwa miezi na miaka, B6 hiyohiyo inaweza kuharibu neva na kuleta ganzi uliyokuwa unaikimbia.

*B12.* Kwa kunywa au kuweka chini ya ulimi, mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku. Kwa sindano ya msuli, mikrogramu 1000 kila mwezi. Kwa watu wetu naipendelea sindano, hasa kwa wenye baipasi: ampuli si ghali, nesi wa jirani anaweza kuichoma, na unaiandika kwenye kalenda mara moja kwa mwezi bila kusahau. Ini huhifadhi B12 kwa muda mrefu, ndiyo sababu upungufu hujitokeza baada ya mwaka, miwili au mitatu, wakati mtu ameshaacha kunywa chochote na anaamini amepona. Anayekunywa metiformini kwa kisukari au omeprazoli kwa tumbo yuko karibu zaidi na hatari hiyo.

*Folati, yaani asidi ya foliki.* Mikrogramu 400 hadi 800. Mwanamke anayeweza kushika mimba 800 hadi 1000. Farmasi zetu zina vinini vya miligramu 5, ambavyo ni mara nyingi ya kiasi hicho. Usivinywe kila siku bila sababu ya kitabibu, kwa maana folati nyingi hurekebisha damu huku ikificha upungufu wa B12, na neva zinaendelea kuharibika kimya.

*Chuma.* Mwanaume wa slivu asiye na upungufu wa damu huanza na miligramu 18. Mwanamke anayepata hedhi, na mtu yeyote wa baipasi, miligramu 45 hadi 60. Hizi ni miligramu za chuma chenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea. Kinini cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina chuma chenyewe karibu miligramu 65. Fumarati ya miligramu 200 pia ni karibu 65. Glukonati ya miligramu 300 ni karibu 35 tu. Kwenye sanduku la Kifaransa tafuta maneno "fer élémentaire". Vile vinini vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki ya wajawazito vina chuma cha miligramu 60 hivi na foliki mikrogramu 400, kwa hiyo kinini kimoja kwa siku kinamtosha mtu wa baipasi kwa vyote viwili, na ni cha bei ya chini mno. Kinunue farmasi, usichukue cha mjamzito.

Ukijikuta unatamani barafu, au ule udongo mweupe unaouzwa sokoni, usione aibu kulisema. Tamaa hiyo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unazidi kuzuia chuma kuingia.

*Kalisiamu.* Jumla ya siku, chakula na dawa pamoja, miligramu 1200 hadi 1500, ikigawanywa mara mbili au tatu kwa sababu mwili haupokei zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mkupuo. Sitrati ndiyo nzuri zaidi: haihitaji asidi, unaweza kuinywa na chakula au bila chakula, na inasaidia kuzuia mawe ya figo ambayo watu wa baipasi huyapata. Haipo kila farmasi. Ukiikosa, tumia kabonati lakini lazima pamoja na chakula. Hapa pia soma kalisiamu yenyewe: kabonati ya miligramu 1250 inatoa kalisiamu 500; sitrati ya miligramu 1000 inatoa kama 210 tu. Ndakala wanaoliwa wazima na mifupa yao wanachangia vizuri, na maziwa ya mgando kwa anayeyavumilia.

*Vitamini D.* UI 3000 ya D3 kila siku, mpaka kipimo cha damu kivuke nanogramu 30 kwa mililita. "Lakini kwetu kuna jua!" Kweli, jua la Lubumbashi mwezi wa kumi halina mchezo. Ila ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani, wengi wanashinda ofisini au dukani, na mtu aliyeishi na unene kwa miaka mara nyingi huingia operesheni akiwa tayari amepungukiwa. Usitegemee jua. Ukikutana na ampuli ya kunywa ya UI 100,000, hiyo ni dozi ya munganga, yenye tarehe. Usiongeze nyingine kwa sababu ulijisikia nafuu.

*Zinki na shaba.* Hivi viwili hunyang'anyana njia ya kuingia mwilini. Kwa baipasi, shaba miligramu 2 na zinki 8 hadi 22. Kwa slivu, shaba 1 na zinki 8 hadi 11. Uwiano salama ni zinki miligramu 8 hadi 15 kwa kila miligramu 1 ya shaba. Kuna watu wanaokunywa vile vinini vya zinki vya miligramu 20 vya watoto wenye kuhara, wakitumaini nywele zitarudi. Wiki moja haidhuru. Miezi sita bila shaba inaweza kuleta upungufu wa damu usiopona kwa chuma, na miguu inayoyumba. Tunaishi juu ya mgodi wa shaba, lakini shaba ya mwili inatoka kwenye chakula na kinini.

*Vitamini A.* UI 5000 hadi 10,000. Anayetaka mtoto achague iliyoandikwa beta-karotini, kwa sababu retinoli, ile aina nyingine ya vitamini A, ikiwa nyingi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hili linakuwa muhimu hasa unapoamua kunywa multivitamini mbili kwa siku ili kufikisha namba nyingine: kila kilichomo kinaongezeka maradufu, pamoja na retinoli.

Hatua ya 4: Chagua umbo linalofaa tumbo lako

Wiki za kwanza tafuta vya kutafuna au vya maji. Baadaye vinini vya kumeza vinafaa, vidogo kwanza. Epuka chochote kilichoandikwa LP, maana yake kinaachia dawa polepole, na chochote kilichoandikwa "gastro-résistant". Dawa hizo zimeundwa kufungukia mbali utumboni, na kwa mtu wa baipasi zinaweza kupita bila kutoa kilichomo. Vinini vingi vya chuma vya gharama vya Kifaransa ni vya LP. Vile vya bei rahisi vya kawaida vinakufaa zaidi.

Vile vya jeli vinavyofanana na peremende sivipendekezi. Vingi havina chuma, B1 ni chache au hakuna, na wakati wa joto hushikana vyote kuwa bonge moja. Vibandiko vya ngozi navyo havijaonyesha kwamba vinatosha. Vitamini C ya kuchemka majini kila asubuhi inajaza gesi tumboni, na gramu nzima kwa siku inaongeza hatari ya mawe ya figo kwa mtu ambaye tayari yuko karibu nayo. Unga wa moringa na sombe ni chakula kizuri, lakini ni chakula tu, havichukui nafasi ya vinini.

Hatua ya 5: Nunua mahali panapoaminika

Mwaka 2014 na 2015, kule Ituri, vinini vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani. Watu walikakamaa shingo na nyuso, na mwanzoni ilidhaniwa ni meninjiti. Dawa feki si hadithi kwetu. Nunua kwenye farmasi iliyo na mfamasia, si kwa mchuuzi aliyetandaza vinini juani. Angalia namba ya loti na tarehe ya kuisha kwenye sanduku na kwenye chupa: zikitofautiana, rudisha. Tazama kama kizibo kilishafunguliwa. Bidhaa iliyosajiliwa kama dawa inapita kwa ACOREP, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa; nyongeza nyingi za lishe huingia kama bidhaa za kawaida, kwa hiyo macho yako yana kazi kubwa zaidi hapo.

Ukiwa na ndugu anayepitia Kasumbalesa kwenda Zambia au Afrika Kusini, mtume na picha ya jedwali la viambato, kamwe si jina la dawa peke yake. Kampuni ileile inaweza kuuza fomula tofauti katika nchi tofauti. Asinunue zaidi ya miezi mitatu hadi sita, na asiiache ndani ya gari lililofungwa juani.

Hatua ya 6: Panga saa

Kanuni ni mbili. Chuma na kalisiamu vitengane angalau saa mbili. Chuma na chai au kahawa visikutane: ngoja angalau saa moja, ikiwezekana mbili. Zilizobaki zinapangika hivi, kwa mtu anayetoka kwenda kazini asubuhi:

Saa kumi na mbili, kabla ya chai: chuma kwa maji kidogo, na kipande cha chungwa au pera, kwani vitamini C inakisaidia kuingia. Kikikuchoma tumbo, kihamishe usiku kabla ya kulala.

Saa nne, na chakula kidogo: kalisiamu ya kwanza.

Mchana, baada ya kula, iwe samaki na mboga na kijipande cha bukari: multivitamini, B kompleksi na vitamini D. Vitamini za mafuta zinahitaji chakula chenye mafuta kidogo. Kama multivitamini yako ina chuma, iweke saa mbili mbali na kalisiamu.

Jioni, na chakula: kalisiamu ya pili.

Anayekunywa levotiroksini kwa ajili ya tezi aitenge saa nne na chuma na kalisiamu. Ukiandikiwa siprofloksasini kwa tifoidi, au doksisiklini, mwambie munganga kuhusu vinini vyako, kwani chuma na kalisiamu huishika dawa hiyo na ugonjwa hauishi. Na maumivu yakikushika, usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni. Baada ya baipasi hasa, zinatoboa vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Parasetamoli ndiyo yako.

Ukianza kutapika: soma hapa kwanza

Mtu wa slivu au baipasi anayetapika siku kadhaa mfululizo, au asiyeweza kula, anaweza kuishiwa B1 na kupata ugonjwa wa ubongo unaoitwa Wernicke. Dalili ni kuchanganyikiwa, macho kucheza au kuona viwili, kuyumba anapotembea, miguu kufa ganzi. Akipelekwa kituo cha afya akiwa dhaifu, jambo la kwanza litakalofanywa mara nyingi ni kumtundikia seramu ya glukosi. Glukosi ikiingia mwilini usio na B1, inaimaliza ile kidogo iliyobaki, na madhara yanaweza kubaki maisha yote. B1 ya sindano inatakiwa itangulie, kwa dozi kubwa anayoipanga munganga, bila kungoja majibu ya labo.

Ndiyo maana nilikuambia ubebe karatasi. Chini ya jina la operesheni andika kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa: VITAMINE B1 AVANT TOUT SÉRUM GLUCOSÉ, yaani vitamini B1 kabla ya seramu yoyote ya glukosi. Mwonyeshe mumeo au mkeo, yaya yako, na jirani anayeweza kukubeba usiku. Mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kujieleza. Lazima mwingine aseme kwa niaba yake, na aseme kwa nguvu.

Pombe inazidisha hatari hiyo. Baada ya baipasi inapanda kichwani haraka zaidi, na inaila B1.

Mimba

Ngoja miezi 12 hadi 18 baada ya operesheni. Usitegemee kidonge cha uzazi wa mpango peke yake baada ya baipasi, kwa kuwa huenda hakiingii vizuri. Zungumza juu ya kipandikizi au kitanzi. Mimba ikiingia, kapime damu kila miezi mitatu, na mwambie mkunga siku ya kwanza kwamba ulifanyiwa operesheni. Kipimo cha sukari cha kunywa glukosi kinaweza kukuangusha kwa kizunguzungu. Kuna njia nyingine za kupima.

Pesa ikiwa haitoshi

Chupa maalumu za watu wa operesheni hizi, zinazoletwa kutoka nje, ni nzuri kwa sababu moja: hesabu imefanywa tayari. Lakini sioni sababu ya mtu kukopa dola kwa ajili yake. Kinini cha chuma na foliki, B kompleksi yenye B1 ya kutosha, sindano ya B12 kila mwezi, kabonati ya kalisiamu, D3, na multivitamini ya kawaida yenye zinki na shaba vinafanya kazi ileile ukivipanga.

Mwezi ukiwa mgumu kabisa, usikate vyote kwa pamoja. Ukomeshe kwanza kununua kolajeni, biotini, vitamini C ya kuchemka na siropu zote. B1 na B12 zisikosekane, kwa kuwa upungufu wake unaharibu neva na hazirudi zote. Mwanamke mwenye hedhi asikate chuma. Kalisiamu na D zinaweza kuvumilia wiki chache za ndakala na maziwa, haziwezi kuvumilia mwaka. Na ukivikosa kwa zaidi ya mwezi, usianze tu upya kimyakimya: pitia labo, angalau kwa NFS na feritini, kisha mwonyeshe munganga majibu na sanduku lenyewe, awe wa Sendwe, wa Cliniques Universitaires au wa kliniki ya mtaa wako. Mwombe aandike vipimo kwa miligramu na mikrogramu, ili farmasi ikikosa ile aliyoitaja upewe nyingine yenye kiasi kilekile.